Baiskeli ya Chaki: Mwanafunzi wa Johannesburg na Ukuta Wake

Katika baadhi ya shule za sekondari za Johannesburg, miaka ile ambayo utawala wa Makaburu ulikuwa umekwisha kuyumba lakini haujaanguka, palikuwa na desturi isiyoandikwa katika kanuni yoyote ya shule. Wanafunzi wakubwa waliiba chaki darasani, wakaingia nayo chooni, wakachora ukutani baiskeli, au mshumaa unaowaka. Kisha waliwakamata wanafunzi wapya na kuwaamuru: panda baiskeli hii uiendeshe, uzime mshumaa huu kwa pumzi zako. Mtoto wa watu hakuwa na la kufanya ila kujibandika ukutani, akapiga pedali zisizozunguka na kupuliza moto usiokuwa na joto, huku wakubwa wake wakiangua kicheko.

Miongoni mwa waliosoma katika mazingira hayo alikuwamo Robin Rhode. Alizaliwa Cape Town mwaka 1976, mwaka uleule ambao wanafunzi wa Soweto waliandamana tarehe 16 Juni kukataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu, wakapigwa risasi barabarani. Alikulia Johannesburg katika jamii ya wale ambao sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi zao iliwaweka katika fungu la machotara. Alipomaliza shule alijiunga na Technikon Witwatersrand kusomea sanaa, chuo ambacho mwaka 2005 kiliunganishwa na vingine kikawa Chuo Kikuu cha Johannesburg. Ni hapo, mwishoni mwa miaka ya 1990, ambapo mwanafunzi huyu aliikumbuka chaki ya chooni na kuanza majaribio ambayo leo yanatajwa katika majumba ya sanaa ya mabara yote.

Vifaa vyake vilikuwa chaki na mkaa, vitu ambavyo havimshindi hata fukara. Alisimama mbele ya watu, mara nyingi mahali pa wazi, akachora ukutani kwa mkono wa haraka kitu chenye ukubwa wake halisi: baiskeli, benchi, gari. Alipomaliza kuchora hakurudi nyuma kukitazama, kama wachoraji wafanyavyo. Alikivamia. Alitaka kuipanda baiskeli, ikakataa. Akajaribu kwa upande wa pili, akarekebisha usukani kwa mkaa, akarukia kiti, akaanguka. Gari aliliendea kama mwizi, akapapasa mlango, akatafuta pa kulivunja. Watu walicheka. Nguo zake zilijaa vumbi jeupe na masizi, na mchoro wenyewe ukafutikafutika kwa mabega na viganja, hata mwisho wa onyesho ukuta ukawa umebeba alama za mwili wa mtu pamoja na alama za gari.

Sisi tuliopita katika chuo cha maofisa wanafunzi tunakifahamu kicheko cha kule chooni. Katika majeshi mengi duniani, wiki za mwanzo za kurutu hazimkosi mkubwa wa siku mbili tatu anayemwamuru mgeni aupigie saluti mti, au aendeshe lori lisilokuwapo, mikono ikizungusha usukani wa hewa na mdomo ukinguruma kama injini. Wako wanaosema kwamba huko ndiko kukomaa. Sisi hatuoni hivyo. Kwata ina maana yake: humzoesha askari kutenda pamoja na wenzake, na mkufunzi anayeamrisha hujua sababu ya amri yake. Lori la hewa halimfundishi mtu udereva. Linamfundisha kwamba mwenye nguvu anaweza kumfanya asiye na nguvu aonekane mpumbavu, na mwaka unaofuata mwanafunzi huyohuyo humlipizia mgeni mwingine ambaye hakumkosea lolote.

Rhode alikuwa na njia mbili zilizozoeleka: kusahau, au kulipiza. Hakufuata hata moja. Aliirudisha baiskeli ileile ukutani, lakini safari hii chaki ilikuwa mkononi mwake na aliyeamriwa kupanda alikuwa ni yeye mwenyewe. Watazamaji walicheka, ndiyo, lakini walimcheka mtu aliyewaalika wacheke, naye alijua lini kicheko kitaanza na lini kitakatika. Mtu anayemwona kijana mzima akihangaika kwa dakika nyingi kupanda baiskeli isiyokuwapo hufika mahali ambapo kicheko humkauka. Huanza kujiuliza kwa nini kijana huyu anaitaka baiskeli kiasi hicho, na ni wangapi katika mitaa ile waliotaka baiskeli utoto wao wote na wasiipate.

Kazi yake moja ya mwaka 2000 yafaa kuelezwa kwa urefu kidogo. Mjini Cape Town, kwenye ukuta wa jengo la Bunge, alichora benchi ya bustani, kisha akataka kuikalia. Kwa mtu wa nchi nyingine hiyo ni benchi tu. Kwa mtu wa Afrika Kusini benchi ina historia. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenga mahali pa umma kwa rangi za watu ilifika hata kwenye benchi za bustani na za vituo vya treni, zikaandikwa kwamba ni za Wazungu peke yao, na Mwafrika aliyechoka alipita akatafuta pa kukaa kwingine. Sheria hiyo haikufutwa ila mwaka 1990. Uchaguzi wa watu wote ulifanyika Aprili 1994, na tarehe 10 Mei Nelson Mandela akaapishwa kuwa Rais. Miaka sita baadaye, kijana aliyekuwa mwanafunzi jana tu anachora benchi juu ya nyumba inayotungiwa sheria, anajaribu kuikalia, na benchi haimpokei. Hakutoa hotuba. Hakubeba bango. Sisi tunaamini kuwa wabunge waliokuwa ndani wangeweza kujadili kwa wiki nzima maana ya haki ya kuandikwa kwenye karatasi na haki ya kukaliwa, wasiifafanue vizuri kuliko vile.

Si kila jaribio lake linatupendeza. Mwaka huohuo wa 2000, katika jumba la sanaa mjini Cape Town, alichora ukutani chombo cha kukojolea wanaume na kukitumia mbele ya mchoro wenyewe. Wajuzi hueleza kwamba hapo alikuwa anamjibu Marcel Duchamp, ambaye mwaka 1917 alipeleka chombo halisi cha aina hiyo kwenye maonyesho ya New York na kukiita chemchemi. Maelezo tumeyasikia na tumeyaelewa. Hata hivyo, tunabaki na fikira za kizamani kwamba kuna shughuli ambazo mtu mzima huzifanya akiwa peke yake, na kwamba msafishaji wa jumba lile naye alistahili kuulizwa maoni yake.

Tatizo la maonyesho ya namna hii ni kwamba yakiisha yamekwisha. Mvua inanyesha, chaki inaondoka, aliyekuwapo amekuwapo na asiyekuwapo atasimuliwa. Rhode alitafuta dawa ya tatizo hilo katika upigaji picha, na huenda masomo ya filamu aliyoyaongeza baada ya chuo yalimsaidia. Hapa inatupasa tumkumbushe msomaji jambo la kale kidogo. Mwaka 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia ya mbio akapiga picha za farasi anayetimua mbio, picha baada ya picha, na kwa mara ya kwanza watu wakaona wazi kwamba yuko wakati ambapo kwato zote nne haziko chini. Kitu ambacho jicho lilikuwa haliwezi kukikamata kilikatwa vipande vipande na kupangwa mezani. Rhode aliichukua mbinu hiyo akaigeuza. Muybridge alitumia mfululizo wa picha kuthibitisha kilichotokea. Rhode anautumia kuthibitisha kisichoweza kutokea.

Mfano wake mashuhuri ni kazi ya mwaka 2000 iitwayo He Got Game. Ziko picha kumi na mbili. Mtu amevaa nguo za mitaani, ana mpira mkononi. Anaruka, anapaa, anajipindua hewani kichwa chini miguu juu, kisha anautumbukiza mpira katika kikapu na kurudi chini salama. Hakuna binadamu awezaye kufanya hivyo. Siri yake ni nyepesi, wala msanii haifichi: kikapu kimechorwa kwa chaki juu ya lami, na mtu huyo amelala chini. Kamera inatazama kutoka juu. Kila baada ya picha moja anajisogeza, mpira wa chaki unafutwa na kuchorwa mahali papya, naye anatulia kungoja picha inayofuata. Yaani ule mruko wa kupendeza umefanywa na mtu aliyegaragara barabarani, magoti na viwiko vikisuguana na kokoto. Sisi ambao tumetambaa kwa tumbo katika mafunzo tunaweza kukadiria vizuri kazi iliyomo. Na tunapendezwa na jambo moja zaidi: msanii ameacha alama za vumbi la chaki iliyofutwa zionekane. Angeweza kusafisha ili atudanganye kwa ukamilifu, lakini hakutaka.

Ni haki kusema kwamba Rhode si mtu wa kwanza kuchora kwa mwili mzima. Mwaka 1971 Mmarekani Dennis Oppenheim alimwekea mwanawe mdogo kalamu mgongoni akachora mstari, na mtoto, bila ya kuona, akajaribu kuchora ukutani kile alichokihisi kikipita juu ya ngozi yake. Baadaye walibadilishana, mtoto akachora mgongoni mwa baba. Mchoro wa ukutani haukufanana kamwe na ule wa mgongoni, na tofauti hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe: ni kiasi gani cha ujumbe hupotea baina ya mtu na mtu, hata wakiwa baba na mwana.

Yuko pia Matthew Barney, naye alianza akiwa mwanafunzi. Mwaka 1987, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, kijana huyu aliyekuwa amecheza mpira wa miguu wa Kimarekani alijifunga kamba za mpira mapajani, akapanda mbao zilizoinamishwa ili aufikie ukuta na kuchora, huku kamba zikimvuta nyuma. Mwaka 1989 alirukaruka juu ya trampolini iliyoinamishwa akachora sura yake darini, alama moja kwa kila mruko. Hoja yake ilikuwa kwamba msuli hukua kwa kupambana na uzito, na huenda sanaa nayo ni hivyo. Hiyo ni hoja ambayo mkufunzi yeyote wa mazoezi ya viungo angeitia sahihi. Lakini tukimweka Barney ubavuni mwa Rhode, tofauti inajitokeza. Barney alijifunga kamba kwa hiari yake katika chuo cha kitajiri, na akichoka angezifungua. Rhode alizikuta kamba zimekwisha kufungwa kabla hajazaliwa: mtaa aliowekewa, shule aliyowekewa, baiskeli asiyoipata. Yeye hakuhitaji kujitengenezea kizuizi.

Mpaka hapa tumemzungumzia mchoraji na mwili wake peke yake. Lililotufanya tuchukue kalamu kuandika makala haya ni hatua iliyofuata, ambapo chaki ilitoka mkononi mwa Rhode ikaenda kwa wengine. Mwaka 2011, karibu na mji wa Turin nchini Italia, katika jumba la sanaa la Castello di Rivoli, alitengeneza kazi iliyoitwa Paries Pictus, maneno ya Kilatini yenye maana ya ukuta uliopakwa rangi. Juu ya kuta nyeupe aliweka mistari ya maumbo tu, bila ya rangi ndani yake. Kisha wakaitwa watoto. Walipewa kalamu za nta za rangi, kubwa kupita kiasi, na wakaambiwa wajaze. Kazi hiyo aliirudia baadaye New York. Mtoto aliyezoea kukaripiwa kwamba asichafue ukuta sasa yumo ndani ya jumba la sanaa, ambamo hata mtu mzima hukatazwa kugusa, na anaombwa na mwenye kazi apake.

Hebu tuyapime hayo kwa vitu vya kwetu. Hapa Kampala tunayo sanamu ya Uhuru iliyochongwa na Gregory Maloba mwaka 1962, mtu aliyefungwa mikanda mwilini akimwinua mtoto juu. Ni kazi nzuri, nasi twajivunia kuwa mchongaji alitokana na skuli ya sanaa ya Makerere iliyoasisiwa na Bibi Margaret Trowell mwaka 1937. Lakini mwananchi anayesimama mbele yake hana cha kuongeza. Anatazama, anapigwa picha, anaondoka. Haikukusudiwa vinginevyo, na hakuna ubaya. Mchoro wa kushirikisha watu unataka jambo jingine kabisa: bila ya mkono wa mgeni, kazi haijakamilika.

Katika kazi ya uaskari tunao mchoro wa namna hiyo, ingawa hatujapata kumsikia mtu akiuita sanaa. Kabla ya kikosi kwenda zoezini, mkufunzi huinama chini akajenga nchi nzima kwa udongo. Kilima ni fungu la mchanga, mto ni mstari wa majivu, barabara ni kamba. Askari hukizunguka kiwanja hicho, na kila mkuu wa seksheni huweka jani au kijiti mahali ambapo yeye na watu wake watakuwapo. Mkufunzi mbaya huweka vijiti vyote mwenyewe, akaeleza kwa saa nzima, na askari wakasinzia. Mkufunzi mzuri hukabidhi kijiti. Hapo ndipo koplo aliyekuwa kimya tangu asubuhi hutia kidole mchangani na kusema: Afande, hapa hapapitiki, tutaonekana. Ile ramani sasa imekuwa yake, na usiku gizani ataikumbuka.

Atakayesema kwamba hizo ni hadithi za mchanga na chaki, na kwamba nchi zetu zina mambo mazito zaidi, tunamwomba aangalie mtaa wa Westbury. Uko magharibi ya Johannesburg, jirani na Sophiatown, ambako kuanzia Februari 1955 serikali ya Makaburu iliwatoa watu majumbani kwa nguvu na kuwatawanya kwa rangi zao. Westbury iliachiwa machotara. Ubaguzi wa kisheria uliondoka, lakini ukosefu wa kazi haukuondoka, na magenge yenye bunduki yakajifanya ndiyo serikali ya vichochoro. Rhode alihamia Berlin mwaka 2002, na mwaka 2008 kazi zake zikapewa maonyesho yake peke yake katika jumba la Hayward mjini London. Mtu wa namna hiyo angeweza kujenga ukuta wake wa kuchorea popote. Kwa miaka kadhaa alikuwa akirudi kwenye ukuta mmoja wa Westbury.

Hakufanya kazi peke yake pale. Aliwachukua vijana wa mtaa wawe wasaidizi wake, wapime mistari, wapande ngazi, wapake rangi, nao wakalipwa. Michoro nayo ikabadilika. Baiskeli na benchi zikapungua, yakaja maumbo makubwa ya kijiometri yanayofunika ukuta mzima, ambayo mtu mmoja hawezi kuyamaliza kwa siku moja hata akiwa hodari namna gani. Ili pembetatu ikae sawa, wa juu ngazini lazima asikilizane na wa chini anayeshika uzi. Hatudai kwamba rangi iliyamaliza magenge ya Westbury. Haikuyamaliza, na risasi ziliendelea kusikika mtaani humo. Tunachosema ni kwamba kijana aliyeshika brashi tangu asubuhi hadi jioni mbele ya jirani zake, bila ya kulazimishwa, amefanya jambo ambalo mtaa mzima umeliona.

Linalobaki la kuulizwa ni juu ya faida. Picha za ukuta ule zinaning'inizwa London na New York, na wanaozinunua hawakai Westbury. Ukuta wenyewe haununuliki. Sisi hatuna ugomvi na msanii kupata riziki yake, maana mkulima naye hapandi mahindi ili ayatazame. Ila tungependa siku moja kuona picha hizo zimetundikwa pia katika shule za mtaa uleule, mahali ambapo walioshika ngazi wataweza kuwaonyesha wadogo zao: mstari huu niliupiga mimi.

Kazi ikimalizika pale ukutani, hufuata picha. Mtu husimama mbele ya maumbo, akainama, akanyoosha mkono, akageuka, na kamera ikamkamata hatua kwa hatua, kama farasi yule wa mwaka 1878. Baada ya hapo ndoo za rangi hufunguliwa upya. Vijana walewale hupanda ngazi na kuufunika mchoro waliouchora wao wenyewe, kuanzia juu kushuka chini, hadi ukuta ukawa mtupu kwa ajili ya unaofuata.